Chungu cha Mbegu Matogoro

Bibi yetu Walburga, hata kabla mapadri hawajambatiza, hakuogopa kitu ila njaa, nami simlaumu. Baada ya vita vya Maji Maji askari wa Wajerumani walichoma vihenge vya nafaka vya Songea, watu wakabaki kuchemsha majani. Mtoto mmoja alikwisha kumzika. Wawili waliobaki hawakuwa na nguvu hata za kulia.

Mumewe, Daimu, alikuwa amejificha kileleni mwa mlima Matogoro na chungu kimoja cha mahindi ya mbegu. Waliagana hivi: mvua zikikaribia, bibi apande mlima peke yake, apige makofi mawili, naye atajibu vivyo hivyo.

Mawingu ya kwanza yalipotanda akaondoka, jua limeshapinda. Msituni hakusikia ndege hata mmoja. Ukungu ulishuka kati ya miti mpaka akawa haoni hatua tano mbele. Akapiga makofi mawili. Juu yake, karibu kabisa, akajibiwa mawili. Alifurahi, akaongeza mwendo. Kila alipopiga alijibiwa, na kila alipofika sauti ilikotoka hapakuwa na mtu, wala jani lililokanyagwa. Makofi yale yalikuwa makavu mno, kama ya mikono isiyo na nyama. Angegeuza, lakini bila mbegu watoto wangekula nini mwakani?

Kileleni, chini ya jiwe, akakiona chungu. Kamba ya kifuniko ilikuwa bado na fundo alilolifunga yeye mwenyewe nyumbani. Akalifungua. Kimejaa. Hakuwa ametia kitu tumboni siku tatu, na Mungu amsamehe: alijaza mdomo, akatafuna kabla hata ya kumtafuta mumewe.

Ndipo akageuka. Daimu alikuwa ameketi nyuma yake, ameegemea mwamba, amekauka. Alikufa siku nyingi zilizopita. Mdomoni mwake mlikuwa na magome ya mti na udongo. Nani aliyekuwa akimjibu njiani, bibi hakusema, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

"Nimekukosea, baba wa watoto," alimwambia.

Hakupiga yowe, maana kambi ya askari ilikuwa chini ya mlima. Alitema mahindi kiganjani, akachambua punje ambazo meno hayakuzivunja, akazifuta moja moja kwa kaniki yake, akazirudisha chunguni.