Nani Anafagia Chumba cha Mpangaji Aliyehama?

Kazi ya mke wangu si kuandika programu, ni kuwabembeleza wanaoandika. Ni mratibu wa mradi wa programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuitengeneza, na mafundi wake wametawanyika duniani, wakijitolea na kununa.

Mama yangu, mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, alipouliza wanatengeneza nini, alielezwa kwa lugha yake. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kuwa mashine pepe nyingi, kama vyumba. Programu inayogawa ndiyo msimamizi wa nyumba. Wao wanamtengenezea msimamizi kufuli, ili mpangaji asichungulie vya mwenzake.

Miaka miwili wamelihangaikia kufuli hilo. Lilipaswa kuingia kwenye toleo jipya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo lisubiri mwaka mzima. Zilibaki idhini za mafundi wawili: ya Profesa na ya Herufi Kubwa, fundi anayeandika kana kwamba sote viziwi. Wawili hao walikuwa hawasemeshani mwezi mzima. Kila mmoja alimwandikia mke wangu, naye akampelekea mwenzake baada ya kuchambua matusi kama mchele. Nami, mjinga, nilimsifu.

Ijumaa saa tisa wakakutana kwenye skrini, mezani kwetu. Mama alikuwa pembeni akikunja nguo.

"Samahanini, wanangu," akadakia. "Mpangaji akihama, nani anafagia chumba kabla mwingine hajaingia? Wangu wa chumba cha nne aliacha barua za mapenzi chini ya godoro. Aliyemfuata akazisoma zote!"

"Herufi Kubwa anafagia," akasema Profesa.

"Mimi? Nilikuandikia! Kufagia ni kazi yako, mvivu mkubwa wewe!"

"Sijaona barua hiyo."

Wote wakamtazama mke wangu. Akaitafuta barua ya Herufi Kubwa kwenye kompyuta, akaifungua. Angeweza kusema ilipotea, nani angejua? Niliomba aseme hivyo, Mungu anisamehe.

"Niliikata mimi," akasema. "Nilikuwa naondoa tusi, nikaondoa sentensi nzima."

Wakamshukia kwa pamoja, jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule. Chumba hakijafagiwa, idhini hazikutolewa; saa kumi ikapita, kufuli likabaki nje. Mke wangu akalia waziwazi, na mimi roho ikaniuma.

"Mjumbe hauawi," nikamtetea.

"Hauawi akifikisha ujumbe," mama akajibu, akaendelea na shuka. "Nyamaza, mwanangu. Nawe, mkwe wangu, wape barua zao."

Mke wangu akafuta machozi, akawatumia barua zote za mwezi ule bila kukata neno. Wakazisoma zote.

"Kwani mimi ni mbuzi?" akauliza Profesa.

"Ndiyo," akasema Herufi Kubwa. "Haya, tufagie. Tuanze kwa kufuta kumbukumbu ya mashine iliyozimwa."

Mke wangu akavuta kiti, akaanza kuandika kila walichosema, matusi yakiwemo.