Kucha za Mkono wa Kulia

Mimi kukaa siwezi. Hata darasani Lodwar, nikifundisha jinsi seli zinavyogawanyika, nilikuwa nakwenda dirishani narudi mlangoni mpaka wanafunzi wakacheka. Muhula ule nilikuwa na sababu. Baba alikuwa Kakuma kwa dada yangu, kiharusi kimempoozesha mkono wa kulia, na kaka yangu alinipigia kila siku kutoka Kaaleng: malisho yamekwisha, ng'ombe wahame, na baba amekataa katakata kumkabidhi upinde.

Ni upinde mdogo tu, wa kutolea ng'ombe damu shingoni. Lakini kwetu anayeushika ndiye mwenye kauli juu ya mifugo.

Jumamosi nikafika. "Ejok, baba," nikamsalimu.

"Ejok. Leta wembe."

Kila nikija nilimkata kucha. Safari hii aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mapajani mwangu, uso umemchangamka. "Tazama. Zimeota sawa na za huku. Mkono unarudi. Mwambie kaka yako angoje."

Nilitamani kukimbia. Nikainuka, nikazunguka chumba, nikakaa tena.

"Baba, kucha na ngozi huchakaa, kwa hiyo seli zake hugawanyika maisha yote. Za damu nazo zina kiwanda chake mifupani, ndiyo maana ng'ombe uliyemtoa damu huipata tena. Za ubongo, zinazouendesha mkono, zimeshikana, zinapelekeana habari. Zikishakomaa haziwezi kuachana zikagawanyika. Zikifa, zimekufa. Zilizobaki huenda zikajifunza kazi ya zilizokufa, lakini polepole, na pengine si yote."

"Na hizi kucha?"

"Zinaota tu. Hazijui kama mkono umepooza."

Akazitazama. Nikawa na hasira na kila kitu: na seli, na kaka, na mdomo wangu mwenyewe. Nikainuka tena.

"Hebu kaa, unanitia kizunguzungu," akasema. "Ukimaliza mpigie kaka yako, aje auchukue upinde. Sasa kata. Kata fupi kabisa, zisinidanganye tena."

Nikakaa. Kwenye kidole gumba wembe ukateleza, damu ikatoka. Nikamtazama usoni, nikiomba ashtuke. Alikuwa ametazama mlangoni, anangoja nimalize.