Wrasse wangu kajifukia mchangani, mama mkwe kagoma kurudi Goma

Wakuu, habari za huko. Naandika kutoka Gisenyi, mpakani kabisa na Goma. Haya yametokea sebuleni kwangu, anayebisha aje aone tangi, chai ipo.

Nafuga samaki wa baharini. Ndiyo, Ziwa Kivu naliona dirishani, na bado naagiza chumvi maalum ya kutengenezea maji ya bahari ndani ya nyumba. Nilikulia Tanga, hiyo ndiyo sababu pekee niliyo nayo. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Juzi kati nikapata wrasse mmoja wa njano, mwembamba, urefu wa kidole. Hawa samaki wana tabia yao: wakitaka kulala, au wakiogopa, wanapiga mbizi kwenye mchanga na kupotea. Aliyetoka safari anaweza kukaa huko siku kadhaa.

Nilipomfungulia tu, akazama. Mimi nikaenda kula.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kumuona mjukuu wake, Keza. Begi lilikuwa tayari, kesho yake avuke mpaka arudi Goma kwenye kibanda chake cha unga.

Kesho ikafika, samaki hajatoka. Mama akalifungua begi.

"Baba Keza, samaki ikijificha, iko inasikia kitu huko chini. Mulima iko karibu kutapika. Mi sirudi."

Msimcheke. Volkano ya huko Goma ilipolipuka mara ya mwisho alikuwa amelala peke yake, na hakuna mtu aliyempigia simu. Aliamshwa na vishindo vya watu wanaokimbia barabarani.

Siku zikapita. Wateja wakimpigia, anawaambia wanunue kwingine. Mke wangu akaninong'oneza nimfukue samaki, mama aone yuko mzima.

Nikakataa. Ukichokonoa mchanga unaweza kumuumiza, na kama angetoka amekufa, mama asingevuka tena. Ila nilianza kuogopa kweli, maana kibanda kile ndicho kinachomlisha.

Asubuhi moja kichwa kidogo cha njano kikachomoza. Mama akanywa chai yake amesimama mbele ya tangi, akafunga begi, akaenda zake.

Tangu hapo kila asubuhi anapiga. "Samaki iliamuka?" Nikimwambia ameamka, anakata simu.

Wiki iliyopita ardhi ikatikisika kidogo, vikombe vikalia kabatini. Nikamwangalia samaki. Anakula. Hana habari kabisa.

Hapo nikakosa amani. Mtu mzima analala usingizi Goma akimtegemea samaki asiyejua lolote. Nikampigia, nikamweleza ukweli wote.

Akauliza:

"Bon, sawa. Na siku mulima itatapika, we utanipigia?"

"Nitapiga, mama."

"Basi. Ile ndiyo nilikuwa nataka."

Kwa wanaotaka kufuga: mchanga uwe laini na wa kina, tangi liwe na mfuniko maana wanaruka, na aliyejifukia muacheni atoke mwenyewe.

Mimi siku hizi simsubiri mama apige. Napiga Goma kwanza, samaki anakula baadaye.

Wenye uzoefu na hawa viumbe karibuni mchangie. Na nyie wenye wazee mbali, leo mmeshapiga?