Bwana Shamba na Udongo Mtamu

Bwana shamba wetu hapiti kando ya mfereji bila kuinama. Huchota udongo kwa kidole, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, kisha akasema "Mtamu" kwa sauti ile ile ya mkutanoni. Mimi namtilia shaka. Kweli, mfereji umetupa kabichi kiangazi chote, na kijiji chetu cha ujamaa kimesifiwa hadi wilayani, ingawa wenzetu wa bondeni sasa wananywesha ng'ombe tope. Lakini mtu anayeusifu hivyo udongo wa mfereji, mbona maji ya kunywa huyafuata mwenyewe kwenye chemchemi? Na mbona akishaonja hujifuta vidole upesi, kama aliyeshika cha mtu?

Juzi mama Verdiana alimwita shambani kwake. Katikati ya kabichi ardhi ilikuwa imeota ukoko mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii nyeupe ni nini?"

"Majivu tu, mama. Yameletwa na upepo."

Akachota, akaonja. Safari hii hakutema. Sisi majirani tulikuwa tumesimama karibu, tukaona koo lake likipanda na kushuka.

"Mtamu," akasema.

Mama Verdiana alikwenda ukingoni mwa shamba alikofunga ng'ombe wake. Alimfungua mtamba wake kamba. Mtamba akapita katikati ya kabichi bila kugusa jani, akainamisha kichwa, akaanza kuilamba ardhi kwa pupa, kama wanavyofanya ng'ombe wetu wote tukiwapeleka kwenye udongo wa chumvi.