Wimbo Alioulilia Mama Subiri

Kazini walimwita Mama Subiri, kwa sababu alipokea simu za kampuni ya reli na kuwaambia watu wasubiri. Kwangu alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, na ndiye aliyenilea. Nikitoka shule nilipitia ofisini kwake, chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama ghala la mizigo. Mbele yake palikuwa na meza ya simu yenye matundu, nyaya na vitaa. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya: "Reli, habari za mchana. Subiri kidogo, mpenzi." Watu aliwatambua kwa kikohozi tu. "Meneja wa mizigo leo kaamka na kisirani," ananinong'oneza, halafu anamwunganisha kwa sauti ya asali. Mpaka leo nikisikia harufu ya mpira wa nyaya uliopata joto, namwona palepale, viatu kavivua chini ya meza.

Kisha kampuni ikaleta mashine inayojibu yenyewe. Wakamfanyia tafrija, wakampa saa ya ukutani, akarudi nyumbani.

Mwanzoni alisema anapumzika. Mapumziko yakageuka ukimya. Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na mwanawe wa pekee, kaka yangu, alikuwa nchi ya mbali akitengeneza lifti. Mama mkubwa akaacha kufuma, akaacha hata kufungua mapazia. Chakula alikigusa kama anayeonja dawa, na usiku nilimsikia macho, akitembeatembea sebuleni. Daktari akampima presha, damu na kifua, asione kitu.

"Mama, mwili ni mzima. Toka toka nyumbani."

"Niende wapi? Huko nje nani ananingoja?"

Kaka alipopata habari akatuma tiketi mbili, ya mama yake na yangu. Mama mkubwa akazikunja akaziweka chini ya mto wa kochi. "Mimi nimekula mshahara wa mdomo maisha yangu yote. Leo niende nchi nisiyojua hata kusema habari gani? Nitakuwa bubu mwenye meno yake yote."

"Mama mkubwa, ububu wenyewe si unao hapahapa?"

Alinitazama kwa jicho lililonifanya nitafute mlango. Halafu akasema, "Haya, shusha hilo sanduku juu ya kabati. Na ulipanguse vumbi, tusiende kuchekwa."

Kaka aliishi ghorofa ya tatu na mkewe, mzaliwa wa kule. Kiswahili cha wifi kilikuwa maneno mawili, "mama" na "kula", naye aliyatumia yote kwa mpigo kila alipomwona mkwewe. Siku za kwanza mama mkubwa alikaa tu dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi ambako kila alasiri watu wa mtaa walikusanyika kuimba nyimbo zao za zamani: muuza maua, fundi viatu bado na aproni yake, wastaafu na fimbo zao. Siku moja nikaona mguu wake unapiga mapigo chini ya kiti.

"Mama mkubwa, mguu wako unacheza."

"Umekufa ganzi. Nauamsha."

Wifi naye alikuwa ameuona. Kesho yake alasiri alichukua mtandio, akamfunika mkwewe mabegani, akamshika mkono. "Mama, kula!" akasema kwa furaha, akamvuta hadi nje. Nikafuata nyuma, nikijua chakula hakimo.

Kiongozi wa waimbaji, bibi mwenye miwani mikubwa, alimwashiria atoe sauti kidogo. Mama mkubwa akatoa. Yule bibi akainua nyusi, akamwonyesha benchi la sauti nzito, karibu na fundi cherehani mmoja mnene, mchangamfu. Maandishi yao hakuyajua, lakini sikio alikuwa nalo. Alikuwa amezoea kunasa majina kwenye simu zinazokwaruza. Tukawa tunakwenda kila alasiri. Akaanza kuomba chumvi iongezwe kwenye mchuzi. Akaanza kuuliza mtandio upi unamfaa.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu, wa kuvuta. Siku walipouimba wote, machozi yalimtoka, na fundi cherehani akamshika mkono mpaka mwisho. Jioni mezani akamweleza kaka: "Mwanangu, leo tumeimba wimbo wa mjane. Nimemwona baba yako waziwazi." Akamwimbia beti mbili.

Kaka akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe. Wifi akaziba mdomo kwa leso.

"Mama... huo wimbo ni wa mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi aliyekula viatu vya bwana harusi. Bwana harusi anambembeleza atapike angalau kimoja."

Kisha mabega ya mama mkubwa yakaanza kutikisika, na kikatoka kicheko nilichokuwa nimekisahau, kile cha ofisini, cha kupiga meza kwa kiganja. "Jamani! Mwaka mzima nimeshindwa kumlilia mume wangu, nimekuja kumlilia mbuzi wa watu!" Akacheka hadi akashika ubavu, na katikati ya kicheko kilio kikaja, safari hii cha kweli, cha marehemu. Wifi akasogeza kiti, akamkumbatia. Asubuhi ilibidi tumwamshe. Jua lilikuwa limeshafika kitandani.

Tulirudi nyumbani akiwa na nyimbo kichwani ambazo maana zake alizijua nusunusu. Mapazia yakafunguliwa. Na kwa kuwa wastaafu wa reli walisafiri kwa nauli ndogo, akawa na mradi: kila baada ya muda tunapanda treni, tunashuka mji tusioujua, naye anamkamata mpita njia wa kwanza. "Samahani, mwanangu, hapa watu wanaimba wapi?" Tuliketi na wafinyanzi, na wasuka mikeka, na kwaya ya walimu waliokosana na mpiga kinanda wao. Hakurudi kuwa kijana, magoti yalimsumbua vilevile. Ila usingizi ulimrudia, na hamu ya kuona kesho ikoje.

Ni miaka sasa tangu atutoke. Katika safari yetu ya mwisho, alinilalia begani ndani ya behewa, midomo ikitembea kama anayeimba kwa ndani. Nikasita kumwamsha. Tukakipita kituo chetu, tukapelekwa mpaka mji wa mbele, ikabidi tungoje treni ya kurudi. Nilijua nitakemewa. Yeye akajinyoosha, akalitazama jukwaa geni na watu wake, akatengeneza mtandio.

"Huku hatujawahi kufika," alisema. "Hebu tutoke kidogo tuone."