Pikapu Iliyokuwa Ikizima Baada ya Himo

Hellen wa Mwika alifanya kazi ya maabara kwa miaka thelathini na mmoja, akichungulia damu na makohozi kwenye darubini ya zahanati. Alipostaafu, majirani walidhani sasa atatulia kwenye kihamba chake, shamba la urithi lenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili. Hakutulia. Mdogo wake Melkior alikutwa figo zimechoka, akaambiwa awe anakwenda Moshi mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Melkior hakuwa na mke, wala nguvu ya kukaa kwenye usukani. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, ya enzi za kabureta. Hellen akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na moja.

Miezi mitano pikapu haikuwasumbua. Mwezi wa sita, Jumanne moja, wakiwa wameshapita Himo, injini ikaanza kukatakata, ikazima. Hellen aliiegesha pembeni, akapiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Wakakaa. Baada ya kama nusu saa akajaribu tena, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Walifika wamechelewa, Melkior akapata saa mbili za mashine badala ya nne, na kesho yake miguu ikamvimba.

Alipeleka gari kwa Filemon, fundi wa Rau, palepale Moshi, anayesifiwa na wengi. Filemon akabadilisha plagi, akaizungusha mtaani, ikaenda vizuri. Ijumaa, wakienda kwenye mashine, ikazima palepale baada ya Himo. Akabadilisha koili. Ikazima. Akabadilisha pampu ya mafuta.

"Shikamoo mama," Filemon alimwambia Hellen aliporudi mara ya nne. "Nikuambie ukweli, hii injini imezeeka. Tafuta nyingine."

"Marahaba. Kabla hatujaizika, nifundishe kitu kimoja. Ikizima, nitajuaje kama moto unafika kwenye plagi?"

Filemon alimwonyesha namna ya kuchomoa plagi, kuiegemeza kwenye chuma na kutazama cheche mtu mwingine akipiga stata. Alimwonyesha pia chujio la mafuta, kikopo cha plastiki kinachoonyesha petroli ndani.

Tangu siku hiyo Hellen hakubadilisha kitu. Alitazama tu, kama alivyozoea kazini. Gari lilipozima, Melkior alipiga stata na yeye akashika plagi kwa kitambaa: cheche ilikuwepo, ya bluu, kali. Lakini chujio lilikuwa karibu tupu, na tangini mafuta yapo. Gari halikuzima kamwe kabla ya Himo. Na Ijumaa moja walipojaza mafuta Himo, lilifika Moshi bila hata kukohoa.

Jambo hilo la mwisho lilimkaa kichwani. Siku ile walifanya nini ambacho siku nyingine hawakufanya? Walifungua tangi. Basi.

Jumanne iliyofuata pikapu ilipozima, Hellen hakugusa boneti. Alikwenda moja kwa moja ubavuni, akazungusha mfuniko wa tangi. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, hata Melkior akausikia akiwa ndani. Stata mara mbili, injini ikawaka.

Hellen alisimama na mfuniko mkononi, akaugeuza. Katikati, mahali pa kitundu kidogo cha kupitisha hewa, palikuwa na gundi iliyokauka.

"Melkior, nani ameziba hapa?"

"Mimi, dada."

"Lini?"

"Kabla ya hii shida. Tukitoka kusafishwa, tukianza kupanda kwenda nyumbani, petroli inachuruzika kwenye mfuniko, harufu inanitapisha. Nikaona kitundu, nikadhani ni ubovu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeziba kitundu?"

Hellen alirudi kwenye usukani. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda. Aliyeumia ni yuleyule aliyeziba. Akaendesha mpaka Moshi. Alipomfikisha kwenye kitanda cha mashine alimfunika blanketi na kumwambia, "Harufu ikikusumbua, sema."

Mchana ule alimpelekea Filemon mfuniko. Filemon aliugeuza, akaikwaruza ile gundi kwa ukucha.

"Kumbe tangi lilikuwa halivuti hewa," alisema. "Mafuta yakipungua, pampu inashindwa kuyanyonya. Mimi nazunguka hapa Rau dakika tano, nitaona nini? Mama, ile pampu niliyotoa ilikuwa nzima kabisa."

"Basi irudishe."

Aliirudisha. Akagundua pia kwamba mpira wa mfuniko ulikuwa umelika kidogo, na ndipo petroli ilipokuwa ikipita kwenye mlima, na hewa kupenya polepole gari likisimama. Akaweka mfuniko mpya.

Melkior aliishi mwaka mmoja na miezi miwili zaidi. Hakukosa mashine hata siku moja kwa sababu ya gari. Alifariki mwezi wa Februari, kitandani kwake, akazikwa kihambani karibu na baba yao.

Watu walimuuliza Hellen kama atauza pikapu. Yeye alikuwa ameshazungumza na Elifuraha, mama wa palepale Mwika aliyekuwa akisafishwa damu siku moja na Melkior, na ambaye mpaka wakati huo alikuwa akibadilisha magari matatu kufika mjini. Wiki mbili baada ya mazishi, Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Hellen alipiga honi kwenye njia ya kwa Elifuraha.