Vidonge vya Kaka

Mama alipoletwa kutoka kijijini Tura na kulazwa hospitali, nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi hapa Tabora mjini, na mitihani ilikuwa imekaribia. Kaka yangu ana duka la dawa karibu na soko. Tulikubaliana kupokezana kumlinda mama usiku. Zamu yake ya kwanza hakutokea. Asubuhi alikuja na chupa ya chai na pakiti ndogo ya vidonge.

"Meza kimoja jioni, mdogo wangu," alisema. "Hutasinzia. Utamwangalia mama, na masomo yako utasoma."

Nilimwamini. Ndiye aliyenisomesha tangu baba afariki. Na kweli vidonge vilifanya kazi: nilikaa kando ya kitanda macho makavu, kurasa zikipita, kila nilichosoma nikikiona chepesi. Sijawahi kujiona na akili kiasi kile. Zamu zake zote zikawa zangu.

Kwenye mtihani wa mdomo, mwalimu aliniuliza dalili za mtoto aliyeishiwa maji mwilini, jambo nililotoka kulisoma. Sikuwa na usingizi hata chembe. Akilini nililiona doa la chai pembeni mwa ukurasa niliousoma. Maneno sikuyaona.

"Unalala kweli wewe?" mwalimu aliuliza. Nikamweleza habari ya vidonge. Alinitazama kwa huruma.

"Vile vinafungua macho tu. Unachosoma kinakaa kichwani ukilala. Aliyekupa hakukwambia?"

Nilikwenda moja kwa moja dukani. Kaka alikuwa akimhudumia dereva wa lori. Nilimsikia akimwonya, taratibu, kama mtu anayejali: "Usivizoee vidonge hivi vya kukesha. Ukifika, lala. Usingizi hauna mbadala, kichwa kitakusaliti."

Nikasubiri dereva aondoke.

"Kumbe ulikuwa unajua."

Akaendelea kupanga maboksi. "Mama alihitaji mtu. Mimi nina duka la kufungua asubuhi."

"Na mimi nilikuwa na mtihani, kaka."

"Wewe bado kijana. Utarudia."

Nilirudia mwaka, nikafaulu. Mama alipona, na hadi leo huwasimulia majirani kwamba mwanawe wa kiume ndiye aliyemuuguza, kwa dawa zake. Sijawahi kumsahihisha. Kaka tukikutana namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba kwa uchangamfu, kisha huniuliza kwa nini siku hizi sipiti dukani. Namjibu kuwa kazi ni nyingi.